Vita vya Fundi Cherehani na Kompyuta Iliyovaa Koti

Enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye kusikia kwa masikio mawili na enyi mnaosikia kwa moja tu, kaeni sawa, na simu zenu zilazeni kifudifudi, maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa huku mtu anafanya kitu kingine. Wengine wamesimulia majeshi yaliyovuka majangwa na wafalme waliopokonyana viti. Mimi jangwa sina na kiti sina. Mimi nina chumba kimoja cha mbele, cherehani mbili, meza ya kukatia nguo, na mwanamke aliyeingia katika mipangilio ya umeme ya kompyuta yake akiwa amekasirika, akatoka humo mshindi. Anayeona hilo ni jambo dogo, mlango uko wazi, na aurudishie akitoka.

Mjueni kwanza shujaa mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa kwanza kwao, mkubwa wa mwili na wa sauti, Mshika Mkasi, Bingwa wa Pindo, ambaye akimtazama mteja mlangoni mara moja tu alikijua kiuno chake, na alijua pia kwamba mteja huyo atadanganya kuhusu kiuno hicho. Mtaa mzima ulimwita Fundi, naye aliitika. Kompyuta yake ya kupakata aliinunua kwa ajili ya kuwaonyesha wateja picha za mishono, nayo ilikuwa kompyuta ya kawaida, nyeusi, isiyo na fahari yoyote, mpaka siku aliyoamua kuivika nguo.

Na aliivika kweli. Aliishonea koti la kitambaa kizito rangi ya zabibu, akalitia bitana, katikati akajaza sponji, akalipiga mishono ya kukatizana juu mpaka chini, na pembeni akazungusha lesi. Zipu hakutia, na kifungo hakutia, kwa sababu vitu hivyo huharibu umbo. Alilishonea papo hapo mwilini mwa kompyuta, kwa mkono, likabana chini na ubavuni, likaacha wazi skrini, vitufe na mahali pa kuchomekea waya wa chaja. Wateja waliishika wakaguna. Wengine waliagiza magauni kwa sababu yake, na Fundi akaiweka kwenye meza ya kukatia, mbele ya dirisha, ili hata wapita njia wafaidi.

Sasa mjueni mdogo wake, maana vita hivi vilipiganwa kwa ajili yake. Alikuwa mwalimu wa udereva katika mji mwingine, Jasiri wa Kiti cha Abiria, aliyewafundisha watu wazima kuegesha gari kinyumenyume bila kulia, na wengine walilia hata hivyo. Siku moja akateleza kwenye ngazi za ofisini kwao, mguu ukavunjika, ukafungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti, akalala nyumbani. Tangu hapo watu walimjia kwa sauti za msibani. Wanafunzi aliokuwa akiwafokea mpaka wanapandisha vioo wapita njia wasisikie, sasa walimwita mwalimu wetu mpendwa. Yeye alichukia huruma kuliko alivyoyachukia maumivu ya mguu.

Faraja yake ilikuwa moja tu: gemu la mashindano ya magari, yeye kitandani kwake na dada yake kwenye meza ya kukatia nguo, wakikutana mtandaoni kila alasiri huku simu ziko hewani. Hawa wawili walishindana tangu wakiwa wadogo: nani afike bafuni kwanza, nani afunge viatu kwanza, nani anyamaze kwanza baada ya kuchapwa. Ndivyo walivyopendana, na hawakuijua njia nyingine. Lakini tangu mguu uvunjike, dada mkubwa alikuwa hajashinda hata mara moja.

Karibu na adhuhuri ya siku hiyo tukufu simu ikalia.

"Dada," akasema mdogo mtu, "nakuuliza kitu na usinidanganye. Unanihurumia?"

"Nikuhurumie nini?"

"Gari lako linanyata. Likifika kwenye kona linasimama, linatetemeka, linasubiri nipite. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza haendeshi hivyo. Jana nilisimama makusudi kabisa, nikachukua kijiti nikajikuna ndani ya plasta, nikakirudisha kijiti mahali pake, na bado nikakushinda."

"Si mimi jamani, ni hii kompyuta! Inakwama!"

"Ndiyo, kila mtu ana lake. Shemeji ananipigia anasema amekosea namba, kisha anakaa nusu saa kuniuliza kama nimekula. Na wewe kompyuta inakwama." Hapo sauti yake ikalegea kidogo, sauti ambayo haikuwahi kulegea hata mbele ya askari wa barabarani. "Dada, kama hata wewe umeanza kuniona mgonjwa, basi sina tena mtu wa kugombana naye. Tunacheza leo alasiri. Ukiniachia tena nalifuta hili gemu, na usinipigie mpaka plasta itoke."

Akakata simu.

Fundi alibaki ameishika simu kifuani. Ilimuuma. Ilimuuma kwa sababu hakuwa amemwachia hata siku moja. Alikuwa ameshindwa kwa jasho lake mwenyewe, huku akiuma ulimi. Sasa mtu anathibitishaje jambo kama hilo? Kuapa angeapa, na mdogo wake angesema anaapa kwa huruma. Palikuwa na ushahidi wa aina moja tu ambao ungepokelewa katika mahakama ile, nao ni kumshinda yule mdogo vibaya, leo hii, alasiri.

Ewe hasira ya mzaliwa wa kwanza, wewe uliyewahi kumtoa mtu bafuni kabla hajasuuza sabuni, njoo ukae kwenye ulimi wangu nisimulie sawasawa yaliyofuata!

Akaiendea meza ya kukatia. Akaisukuma kando suruali ya mteja iliyokuwa bado haina mguu mmoja, akavua pete ya kushonea kidoleni, akakunja mikono ya blauzi mpaka kwenye viwiko, akaifungua kompyuta. Hakuwa amewahi kuingia katika mipangilio yake, kwa kuwa humo ndani maneno ni mengi na hakuna picha. Siku ile aliingia. Akalipita lango la kwanza liitwalo Mfumo bila kugeuka. Akalipita lango la pili, penye maonyo ambayo hakuyasoma. Akafika ngome ya ndani kabisa, iitwayo Umeme na Betri, na humo akamkuta adui ameketi kwa raha zake.

Adui aliitwa Okoa Betri. Alikuwa amewekwa hapo afanye kazi wakati wote, kwenye chaja na nje ya chaja, bila likizo. Mwangaza wa skrini aliushusha mpaka rangi zote zikafanana. Kasi ya mashine aliifunga kamba miguuni. Skrini aliiamuru ilale kila mwenyewe akijisahau kidogo tu. Fundi alitazama kazi ile, na hakuhitaji kuuliza ni ya mkono wa nani.

"Nani ameacha taa ya chooni inawaka?" ikauliza sauti mlangoni.

Huyo alikuwa mume wake, amerudi kula chakula cha mchana. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za umeme nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Hakupita mbele ya swichi bila kuizima. Ndugu walimwita Bwana Zima, na yeye aliliona jina hilo kuwa la heshima.

"Baba watoto," akasema Fundi kwa upole wa kutisha, "umeifanya nini kompyuta yangu?"

Bwana Zima akavua kofia, akaiweka juu ya cherehani ya pili, akasimama katikati ya chumba namna wasimamavyo watu wenye neno refu.

"Mke wangu," akasema, "mimi kila siku naingia katika nyumba za watu na kuinama mbele ya mita zao, na macho yangu yameona. Nimeona feni zinazopepea viti vitupu. Nimeona televisheni zinazowasimulia paka habari za dunia. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao na vyeti vyao, wakilia mbele ya bili. Nikaapa kwamba kwangu hayatatokea. Hiyo kompyuta sikuiharibu, nimeilinda! Umeme ukikatika, na wewe unajua unavyokatika, wateja unawaonyesha mishono kwa kitu gani? Si kwa betri? Na betri hiyo inakaa kwa ajili ya nani, kama si mimi?"

Ilikuwa hotuba nzuri, na tukiwa wakweli ilikuwa na hoja ndani yake. Lakini Fundi naye alisimama.

"Umesema, na nimekusikia. Sasa nisikie mimi. Kule kitandani yuko mtu ambaye ana mguu mmoja mzima na dada mmoja. Watu wote wamemgeuza yai. Amebakiwa na mimi tu wa kumbana mbavu, na mimi kila siku naingia uwanjani na gari ambalo wewe umelifunga kamba! Anadhani namwachia. Anadhani namwonea huruma, mimi, ambaye niliwahi kumfungia kabatini kwa ajili ya kitana! Leo nikishindwa tena ananikatia simu mpaka plasta itoke. Na wewe amekugundua, kwa taarifa yako."

"Amenigundua nini?"

"Kwamba hukosei namba."

Bwana Zima akaishika tena kofia yake, akaizungusha mikononi.

"Nilidhani anaamini," akasema.

Kisha akavuta kigoda, akaketi kando ya mke wake, na wawili wale wakafunga mkataba ambao mabalozi wengi wangeuonea wivu. Kompyuta ikiwa kwenye chaja, ipewe nguvu zote, skrini ing'ae, wala isilale mpaka mwenyewe aseme. Lakini ikitoka kwenye chaja na kubaki na betri yake, Okoa Betri arudi kazini mara moja na pasiwe na malalamiko. Fundi akavuta kialama cha kwanza, cha kwenye chaja, mpaka mwisho wa mstari, mahali palipoandikwa Utendaji Bora Zaidi. Bwana Zima akavuta cha pili, cha betri, kurudi upande wake, na akahakikisha mara ngapi sijui. Wakapeana mikono juu ya suruali ya mteja.

Wakalijaribu gemu. Lahaula! Gari lililokuwa likinyata likaruka. Miti ya kando ya barabara, ambayo Fundi siku zote aliiona imesimama kama wateja wanaosubiri risiti, ikapita mbio. Akapiga kelele ya furaha, Bwana Zima akapiga makofi, na ushindi ukakaa nao kwa muda wa mtu mwenye macho mabovu kutia uzi kwenye sindano. Halafu feni ya ndani ikaanza kunguruma. Ikanguruma zaidi. Gari likapungua mwendo, likatetemeka, likafika kwenye kona, likasimama.

"Labda imezeeka," akasema Bwana Zima.

"Usiniambie imezeeka!"

Machozi yalikuwa karibu, na saa ya mashindano ilikuwa karibu zaidi. Fundi akaiinua kompyuta aiweke vizuri, na alipoigusa kwa chini akaurudisha mkono haraka. Mtu huyu ameshika pasi maisha yake yote. Anajua joto la hariri, joto la sufi na joto la kuunguza nguo ya mtu. Hili lilikuwa la kuunguza. Akapeleka kiganja ubavuni, mahali ambapo feni yenye kelele vile ilipaswa kutoa upepo. Upepo haukuwepo. Akainamisha sikio, akausikia ndani, umefungiwa, ukizunguka baina ya sponji na bitana ukitafuta mlango.

Kumbe! Mashine yenyewe, kwa kuogopa kuungua, ndiyo iliyokuwa ikijipunguza kasi. Okoa Betri alikuwa na hatia, ndiyo, lakini alikuwa na mwenzake, naye alivaa lesi.

"Nimeiziba pua," akasema Fundi taratibu. "Kwa mikono yangu mwenyewe."

Bwana Zima alilitazama koti, akamtazama mke wake, na akafanya jambo la busara kuliko yote aliyowahi kufanya katika ndoa ile: hakusema kitu.

Kulivua halikuvulika, kwa kuwa lilishonewa mwilini, na kufumua mishono ile kungetaka siku nzima ya kuinama. Kilichobaki ni mkasi. Na mkasi wa Fundi ulikuwa umekata kila kitu isipokuwa kazi yake iliyokwisha kamilika. Akauchukua. Akatoboa ubavuni, palipo na matundu ya hewa, na mkasi ukapita katika kitambaa, katika sponji, katika bitana, ukila mshono baada ya mshono. Akaigeuza, akakata na chini, dirisha pana la kutosha mkono. Vipande vya lesi vikaanguka miguuni pake. Hewa ya moto ikatoka kwa nguvu, ikampiga usoni, ikapeperusha vumbi la sponji chumba kizima.

"Nipe sindano," akasema, "nipinde kingo tu, siwezi kuiacha hivi, nyuzi zinaning'inia jamani, mtu akiona..."

Simu ikalia.

Akaitazama sindano. Akaitazama simu. Hakuna mateso yanayomuuma fundi wa nguo kuliko ukingo usiopindwa, na yeye aliuacha ukingo usiopindwa, mbele ya dirisha, mchana kweupe, akapokea simu na kuiweka sauti ya juu.

"Uko tayari kunihurumia?" akauliza mdogo mtu.

"Funga mkanda," akajibu Fundi.

Wakaanza. Tangu mstari wa kwanza yule mwalimu alijua kuna kitu kimebadilika, kwa sababu kila alipotazama nyuma dada yake alikuwa pale pale, karibu, akimpumulia shingoni. Katika mzunguko wa kwanza walikunja kona pamoja. Katika wa pili Fundi akamkaribia ubavuni, upepo wa feni ukipeperusha nyuzi za zabibu juu ya vidole vyake. Simuni hapakuwa na maneno tena, ila pumzi za watu wawili na kitanda kinacholalamika.

Wakati huo huo Bwana Zima, kwa kuwa muda wa kurudi kazini ulikuwa umefika, akaichukua kofia yake, akatembea kuelekea mlangoni, akipanga kichwani mtaa wa kuanzia. Na alipopita karibu na ukuta, mkono wake, bila kumwuliza yeye mwenyewe, ukaizima soketi ya chaja.

Mwangaza ukashuka. Okoa Betri, kwa mujibu wa mkataba, akarudi kazini mara moja. Gari likaanza kunyata.

"Si unaona!" mdogo mtu akalia simuni, na hiyo haikuwa hasira tena, ilikuwa huzuni tupu. "Si unaona, Dada! Umenikaribia, umeniona, ukanionea huruma!"

"Si huruma! Ni mume wangu amezima soketi!"

"Usimsingizie shemeji!"

"Shemeji!" akanguruma Bwana Zima kutoka mlangoni, huku akiruka kigoda kurudi ukutani. "Ni mimi! Nimezima kwa mkono wangu mwenyewe! Mke wangu, mpige, asikuponyoke!"

Akaiwasha. Akasimama mbele ya soketi ile ameikinga kwa mgongo, mikono ameitandaza, akiilinda dhidi yake mwenyewe, na kazini alichelewa bila kujali. Skrini ikang'aa. Kamba zikakatika miguuni pa mashine, hewa ikatoka kwa nguvu kwenye dirisha lililochanwa, na gari la Fundi likaondoka na kelele zote lilizokuwa limezimeza tangu mguu wa watu uvunjike. Kona ya kwanza halikusimama. Kona ya pili halikutetemeka. Mdogo mtu alikuwa mbele, mstari wa mwisho unaonekana, akahamia kulia kuziba njia, kama anavyowafundisha wanafunzi wake wasifanye. Fundi akamwona. Fundi naye akakunja kulia vilevile, akampiga ubavu, akamtupa nje ya barabara mpaka kwenye majani, akavuka mstari peke yake.

Fundi akaachia vitufe, akasubiri.

"Dada," sauti ikasema mwishowe.

"Naam."

"Umenigonga."

"Nimekugonga."

"Bahati mbaya?"

"Makusudi kabisa. Nilikuona unaziba njia, nikakufuata huko huko."

"Mtu aliyevunjika mguu!"

"Kwenye gemu una magurudumu manne."

Fundi akaushika ukingo wa meza. Halafu kutoka simuni ukaja ukelele ambao haukuwa umesikika tangu zile ngazi za ofisini, ukelele wa kumfanya mwanafunzi aache usukani.

"Mwizi wewe! Mchafu! Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekushusha katikati ya barabara urudi kwenu kwa miguu! Unajisikia, eh? Tunarudia! Sasa hivi! Nakuvunja taa zote!"

Fundi akakaa chini, akafuta macho kwa mguu mmoja wa suruali ya mteja, akacheka mpaka akashindwa kujibu.

Basi wenye kuandika mambo ya dunia na wayaandike haya, wasiyapunguze: kwamba alasiri ile mkataba wa Utendaji Bora Zaidi ulifungwa na ukavunjwa na ukalindwa na mtu yuleyule, kwamba koti lililokuwa fahari ya mtaa lilikatwa na aliyelishona, na kingo zake zikaachwa wazi, kwamba mwanamke mzima, mwenye akili timamu, alimgonga mgonjwa ubavuni, akamtupa majanini, wala hakumwambia pole. Na iandikwe kwamba shindano la pili lilipokuwa likianza, simuni ulisikika mlango ukifunguliwa, na mtu aliyekuja kujulia hali akisema kwa ile sauti ya msibani, "Pole jamani, mwalimu wetu, pole, unaendeleaje na mguu?"

"Mguu gani?" akasema mwalimu. "Sogea, unaniziba. Namkimbiza dada yangu."